Kiwango cha Kwanza ni Kipi? Mabadiliko ya Mtihani wa Kichina kwa Wanaoanza na Maana Yake kwa Wajifunzaji wa Mwambao wa Ziwa Tanganyika, Burundi

Ikisiri

Mtihani wa umilisi wa Kichina unaojulikana kwa kifupi kama HSK umebadilishwa zaidi ya mara moja tangu ulipoasisiwa, na mabadiliko hayo yamegusa kwa uzito wa pekee kiwango cha wanaoanza. Makala haya yanafafanua tofauti kati ya kiwango cha kwanza cha mtihani ulioanza kutumika mwaka 2010 na kiwango cha kwanza cha vigezo vilivyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2021. Kisha yanaipima tofauti hiyo kwa mahitaji ya mjifunzaji wa Rumonge na mwambao wa Burundi wa Ziwa Tanganyika, ambaye huanza Kichina akiwa tayari na Kirundi na Kiswahili. Hoja kuu ni kwamba jina la kiwango limebaki lilelile ilhali maudhui yake yameongezeka zaidi ya mara tatu. Kwa hiyo, sera au tangazo lolote linalotaja namba ya kiwango bila kutaja toleo lake linaweza kumpotosha mjifunzaji. Makala yanapendekeza hatua za kisera, na yanahitimisha kwa funzo ambalo Kiswahili chenyewe kinaweza kulipata kutokana na mfano huu.

1.0 Utangulizi

Mji wa Rumonge uko kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika, takriban kilomita 70 kusini mwa Bujumbura. Ni mji wa mawese, dagaa, mukeke na biashara ya kuvuka maji. Mashua zake hukutana na zile za Kigoma upande wa Tanzania, na za Uvira na Kalemie upande wa Kongo. Kwa sababu hiyo Kiswahili kimekuwa lugha ya sokoni na bandarini hapo kwa vizazi vingi, kikiishi bega kwa bega na Kirundi. Kurejea kwa wakimbizi wa mwaka 1972 na vizazi vyao kutoka Tanzania, hasa kuanzia mwaka 2008, kuliongeza idadi ya wakazi waliosoma shule kwa Kiswahili kabla ya kukutana na Kifaransa.

Katika ngazi ya taifa, Kirundi ni lugha ya taifa na lugha rasmi, Kifaransa ni lugha rasmi, na Kiingereza kilipewa hadhi hiyo kwa sheria ya mwaka 2014. Tangu katikati ya miaka ya 2000 mtaala wa shule za msingi umekuwa na lugha nne: Kirundi, Kifaransa, Kiingereza na Kiswahili. Juu ya lugha hizo nne sasa imeongezeka ya tano kwa baadhi ya vijana, yaani Kichina. Kitovu cha mafunzo yake ni Taasisi ya Confucius ya Chuo Kikuu cha Burundi, inayoendeshwa kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Bohai cha China.

Hali hii si ya Burundi peke yake. Chuo Kikuu cha Nairobi kilifungua taasisi ya aina hiyo mwaka 2005, ikiwa ya kwanza barani Afrika, na vyuo vikuu vya Dar es Salaam, Dodoma, Makerere na Rwanda vikafuata. Katika nchi zote hizo kipimo kinachotambuliwa cha maendeleo ya mjifunzaji ni mtihani uleule mmoja. Unapobadilishwa Beijing, matokeo yake hufika Rumonge.

2.0 Historia fupi ya mtihani

HSK ni kifupi cha Hanyu Shuiping Kaoshi, maana yake "mtihani wa kiwango cha lugha ya Kichina". Maandalizi yake yalianza mwaka 1984 katika taasisi ambayo leo ni Chuo Kikuu cha Lugha na Utamaduni cha Beijing. Toleo la awali lilikuwa na madaraja 11 na lilikusudiwa hasa wanafunzi wa kigeni waliokuwa tayari wanaishi na kusoma China. Nje ya China lililalamikiwa kuwa gumu, kwa kuwa mtu aliyejifunza Kichina kwa saa chache kwa wiki alihitaji muda mrefu kabla ya kupata cheti chochote.

Toleo la mwaka 2010 lilijibu malalamiko hayo. Madaraja 11 yalifutwa na kuwekwa viwango 6, na kizingiti cha kuingilia kikashushwa. Kiwango cha 1 kilihitaji maneno 150, cha 2 maneno 300, cha 3 maneno 600, cha 4 maneno 1,200, cha 5 maneno 2,500 na cha 6 maneno 5,000. Kwa mpango huo mtu aliyesoma kwa muhula mmoja au miwili aliweza kufanya mtihani na kutambuliwa.

Ushushaji huo haukupita bila kupingwa. Waandaaji walikilinganisha kiwango cha 1 na A1 ya mfumo wa Ulaya wa viwango vya lugha, na kiwango cha 6 na C2. Chama cha walimu wa Kichina nchini Ujerumani kiliukataa ulinganisho huo, kikieleza kwamba viwango vya HSK vilikuwa chini ya vile vilivyodaiwa kulingana navyo. Mjadala huo ulionyesha tatizo ambalo lingerudi baadaye: namba ya kiwango inaweza kubaki ileile huku watu wawili wakiielewa kwa namna mbili tofauti.

3.0 Kiwango cha kwanza cha mwaka 2010

Ili kuyaelewa mabadiliko, inafaa kuutazama kwa karibu mtihani ambao wajifunzaji wengi wa Afrika Mashariki wameufanya. Mtihani wa kiwango cha 1 una maswali 40, nusu ya kusikiliza na nusu ya kusoma. Huchukua takriban dakika 40 pamoja na muda wa kujaza taarifa za mtahiniwa. Kila sehemu ina alama 100, na mtahiniwa hufaulu akipata jumla ya alama 120 kati ya 200.

Sehemu ya kusikiliza hutumia picha kwa wingi. Mtahiniwa husikia kirai au sentensi mara mbili, kisha huamua kama inaafikiana na picha, au huchagua picha inayofaa miongoni mwa kadhaa. Sehemu ya kusoma humtaka alinganishe neno na picha, swali na jibu, au ajaze pengo. Matini yote huandikwa kwa hanzi, yaani alama za maandishi ya Kichina, pamoja na pinyin, yaani Kichina kilichoandikwa kwa alfabeti ya Kilatini na alama za toni.

Mambo mawili yanajitokeza. La kwanza ni kwamba mtahiniwa hahitajiki kuandika wala kusema chochote. Mtihani wa kuzungumza upo, lakini ni mtihani mwingine unaojitegemea. La pili ni kwamba, kwa kuwa pinyin ipo kwenye karatasi, mtu anaweza kufaulu bila kuzitambua hanzi zenyewe. Kiwango hicho cha 1 kilikuwa kipimo cha utambuzi wa msamiati mdogo, na kilifanya kazi hiyo vizuri. Hakikuahidi zaidi ya hapo.

4.0 Vigezo vya mwaka 2021

Mwaka 2021 Wizara ya Elimu ya China, pamoja na Tume ya Taifa ya Lugha, ilitoa vigezo vipya vya umilisi wa Kichina kwa wajifunzaji wa kimataifa. Vigezo hivyo vilianza kutumika tarehe 1 Julai 2021. Muundo wake ni wa ngazi tatu (ya mwanzo, ya kati na ya juu) zenye viwango vitatu kila moja, hivyo jumla ni viwango tisa.

Badiliko la msingi ni namna ya kuhesabu. Toleo la 2010 lilieleza kiwango hasa kwa idadi ya maneno. Vigezo vya 2021 vinakieleza kwa vipimo vinne kwa pamoja: silabi, hanzi, msamiati na sarufi. Kiwango cha 1 sasa kina silabi 269, hanzi 300, maneno 500 na vipengele 48 vya sarufi. Mwisho wa kiwango cha 3, yaani mwisho wa ngazi ya mwanzo, mjifunzaji anatarajiwa kuwa na silabi 608, hanzi 900, maneno 2,245 na vipengele 210 vya sarufi. Aidha, kwa ngazi hiyo nzima zimetengwa hanzi 300 ambazo anapaswa kuweza kuziandika kwa mkono.

Ulinganisho unaonyesha ukubwa wa hatua hiyo. Kiwango cha 1 kimetoka maneno 150 hadi 500. Kiwango cha 3 kimetoka maneno 600 hadi 2,245, idadi inayokaribia maneno 2,500 ya kiwango cha 5 cha zamani. Anayesoma "kiwango cha 3" katika fomu ya maombi ya ufadhili anaweza kuwa anasoma mojawapo ya vitu viwili vilivyo mbali sana.

Ni muhimu pia kutenganisha vigezo na mtihani. Vigezo vilipotoka, mamlaka za mtihani zilieleza kwamba mtihani wa viwango vya 1 hadi 6 ungeendelea kwanza kwa muundo wake uliokuwepo. Kilichoongezwa mapema ni mtihani wa viwango vya 7 hadi 9, uliofanyika kwa mara ya kwanza Novemba 2022. Hivyo kulizaliwa kipindi ambamo orodha mbili za maneno ya "kiwango cha 1" zilikuwa zikizunguka kwa wakati mmoja: moja ya maneno 150, ambayo ndiyo iliyotahiniwa, na nyingine ya maneno 500, ambayo ndiyo iliyotangazwa kuwa kigezo. Mjifunzaji aliye karibu na mwalimu huelezwa tofauti hiyo. Yule aliye mbali, anayepokea orodha kupitia simu au nakala ya karatasi, anaweza kujiandaa kwa miezi kadhaa kwa kutumia orodha isiyo ya mtihani anaoufanya.

5.0 Mabadiliko yakitazamwa kutoka Rumonge

5.1 Muda na umbali

Tuchukue mfano wa hesabu. Darasa linalokutana saa nne kwa wiki kwa wiki 30 lina saa 120. Kwa maneno 150, hiyo ni zaidi kidogo ya neno moja kwa saa, kasi inayoacha nafasi ya marudio na mazungumzo. Kwa maneno 500, ni zaidi ya maneno manne kwa saa, na bado kuna hanzi 300 za kutambua. Darasa lilelile, mwalimu yuleyule na saa zilezile hazitoshi tena kutimiza ahadi ileile.

Kwa mkazi wa Bujumbura, upungufu huo unaweza kufidiwa kwa kuongeza saa. Kwa kijana wa Rumonge au Nyanza-Lac, kila saa ya ziada inayopatikana mjini Bujumbura ina nauli na siku ya kazi nyuma yake. Isitoshe, matokeo ya HSK hutumika kuombea nafasi katika vyuo vikuu vya China kwa miaka miwili tu tangu siku ya mtihani, na vyuo vingi vinavyofundisha kwa Kichina huhitaji kiwango cha 4 au zaidi. Anayechelewa katika ngazi ya mwanzo kwa sababu ya kubadilika kwa kipimo anachelewa katika safari nzima.

5.2 Maneno ya kwanza ni ya nani?

Orodha ya maneno 150 ina maji, chai, wali, tufaha, teksi, ndege, kompyuta na kituo cha treni. Haina samaki, mashua wala ziwa. Mtoto wa mvuvi wa Rumonge huanza Kichina kwa kujifunza kutaja kituo cha treni katika nchi ambayo haijapata kuwa na treni ya abiria, kabla ya kuweza kutaja chombo kilichofungwa mbele ya nyumba yao.

Haifai kulitia jambo hili chumvi. Orodha ya mtihani wa dunia nzima haiwezi kufuata mazingira ya kila mwambao, na asili yake ni maisha ya mjini China. Hata hivyo, lina matokeo ya kielimu. Neno ambalo mjifunzaji halitumii nje ya darasa husahaulika haraka. Kuongezeka kwa orodha hadi maneno 500 kunapanua wigo wa mada, lakini pia kunaongeza idadi ya maneno yatakayohifadhiwa kwa kichwa bila kupata matumizi. Mwalimu wa mwambao analazimika kuandaa orodha ndogo ya ziada ya maneno ya mahali: samaki, mashua, ziwa, mafuta, soko. Maneno hayo hayatampa mtahiniwa alama, lakini yatampa sababu ya kuzungumza.

5.3 Toni: urithi wa Kirundi

Kichina Sanifu kina toni nne na silabi zisizo na toni. Silabi moja, ma, huweza kumaanisha mama (mā), katani (má), farasi (mǎ) au kukaripia (mà). Kwa mfanyabiashara mfano wenye uzito zaidi ni mǎi, "kununua", na mài, "kuuza". Vitenzi hivyo viwili, vinavyobeba shughuli nzima ya soko, vinatofautishwa kwa toni peke yake.

Kiswahili si lugha ya toni. Kirundi ni lugha ya toni, ingawa mfumo wake wa toni ya juu na ya chini ni tofauti na wa Kichina. Mzungumzaji wa Kirundi tayari anajua, hata kama hajawahi kuelezwa, kwamba kupanda kwa sauti kunaweza kubadili maana ya neno. Tatizo lake liko kwenye maandishi. Tahajia ya kawaida ya Kirundi haiandiki toni wala urefu wa irabu, kwa hiyo msomaji amezoea kuzikisia kutokana na muktadha. Akiiona pinyin anaweza kuzipuuza alama zilizo juu ya irabu kana kwamba ni mapambo. Mwalimu anayelijua hilo ataanza na jozi za maneno ya Kirundi zinazotofautiana kwa toni, kisha ahamie kwenye mǎi na mài. Mwalimu anayefundisha kwa Kifaransa tu hana daraja hilo.

5.4 Konsonanti na viainishi

Katika konsonanti hali inageuka. Kirundi hakitofautishi r na l kifonimu, ilhali Kiswahili kinazitofautisha. Kichina nacho kina lù, "barabara", na rù, "kuingia". Kina lè, "furaha", na rè, "joto". Sauti ya r ya Kichina si ile ya Kiswahili, lakini aliyezoea kutenganisha kura na kula ana mahali pa kuanzia. Kwa upande mwingine, sauti inayoandikwa z katika pinyin inakaribiana na ts iliyomo katika neno la Kirundi gutsinda, "kushinda", sauti ambayo Kiswahili hakina. Mjifunzaji wa mwambao mwenye lugha zote mbili ana akiba kubwa kuliko mwenye moja.

Katika sarufi, Kichina huweka kiainishi kati ya idadi na nomino. Sān běn shū ni "vitabu vitatu", na běn ni kiainishi cha vitabu na vitu vya aina hiyo. Wanafunzi wengi duniani huliona hili geni. Mzungumzaji wa lugha ya Kibantu hazishangai lugha zinazogawa nomino katika makundi, kwani ngeli hufanya hivyo. Tofauti ni kwamba ngeli hutawala upatanisho wa sentensi nzima, ilhali kiainishi cha Kichina hukaa mahali pamoja na hakikigusi kitenzi. Maelezo hayo huchukua dakika chache yakitolewa kwa Kiswahili au Kirundi. Yakipitia istilahi za Kifaransa au Kiingereza, ambazo hazina ngeli za aina hiyo, huchukua muda mrefu zaidi.

Hapa ndipo vigezo vya 2021 vinapokuwa na upande wa faida. Kwa kuhesabu silabi na vipengele vya sarufi pamoja na maneno, vinampa mwalimu sababu ya kushughulikia matamshi na muundo tangu mwanzo, na maeneo hayo ndiyo yaliyo na akiba ya mjifunzaji wa Rumonge. Toleo la 2010 liliweza kupitwa kwa kukariri orodha.

6.0 Mapendekezo

Kwanza, hati yoyote ya serikali, chuo au mfadhili inayotaja kiwango cha HSK itaje pia toleo: ni kiwango cha mtihani wa 2010 au cha vigezo vya 2021. Sentensi moja inatosha kuondoa utata unaoweza kumgharimu mwombaji mwaka mzima.

Pili, mabadiliko ya mtihani yatangazwe kwa kipindi cha mpito kinachojulikana mapema, na yatangazwe kwa lugha zinazosomwa na wajifunzaji. Kwa mwambao wa Tanganyika, hizo ni Kirundi na Kiswahili.

Tatu, saa za mafunzo zipangwe upya kulingana na maudhui. Kuongeza maudhui zaidi ya mara tatu bila kuongeza saa ni kuupunguza uwezekano wa kufaulu kwa wale wasio na njia nyingine ya kujifunza.

Nne, vitabu vya ngazi ya mwanzo viwe na maelezo ya Kiswahili yanayozingatia fonolojia na sarufi za Kibantu. Vitabu vinavyotumika sana duniani hueleza Kichina kwa Kiingereza. Kiswahili kingewahudumia kwa pamoja wajifunzaji wa Rumonge, Kigoma, Uvira na Kalemie, na gharama ingegawanywa miongoni mwa nchi tatu. Wataalamu wa kazi hiyo wapo pande zote mbili: Kiswahili kimefundishwa katika vyuo vya China tangu miaka ya 1960, na idhaa ya Kiswahili ya Radio Peking ilianza kutangaza mwaka 1961.

7.0 Hitimisho: funzo kwa Kiswahili

Makala haya yameonyesha kwamba kiwango cha kwanza cha mtihani wa Kichina kimekuwa jina moja lenye maudhui mawili: maneno 150 yanayotambuliwa kwa msaada wa pinyin, na maneno 500 yanayoambatana na hanzi 300, silabi 269 na vipengele 48 vya sarufi. Kila kimoja kina mantiki yake. Tatizo huzuka pale mjifunzaji anapoahidiwa kimoja na kupimwa kwa kingine.

Funzo hilo linakihusu Kiswahili moja kwa moja. Mwaka 2021 wakuu wa nchi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki waliidhinisha Kiswahili na Kifaransa kuwa lugha rasmi za Jumuiya pamoja na Kiingereza, na Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ina makao yake Zanzibar. Kozi za Kiswahili kwa wageni, hata hivyo, hupangwa na taasisi mbalimbali kwa ngazi zinazotofautiana. Siku eneo hili litakapokubaliana juu ya kiwango cha kwanza cha Kiswahili, litakabiliwa na maswali yaleyale: kihesabu maneno peke yake, au pia sauti na sarufi? Kimpime mtu asiyeandika wala kuzungumza? Je, orodha yake ya kwanza itakuwa na daladala na mnazi tu, au itakuwa na mawese na mukeke pia?

Majibu yatatofautiana. Lililo la lazima ni kwamba yaandikwe wazi, yapewe tarehe, na yamfikie mjifunzaji wa Rumonge kwa wakati uleule yanapomfikia yule wa mji mkuu.